Goti Lililosema Badala ya Mkono

Mji wa Kale, Mombasa. Jumatano, 1967.

Mvua ya mchoo yanyesha na kuacha, yanyesha na kuacha, kama mgeni asiyejua aingie au arudi kwao. Nami ni vivyo hivyo leo. Nimekaa barazani, nimeinuka, nimeingia ndani, nimetoka tena. Bi Rukiya, mke wangu, ameniambia nikipita mbele yake mara nyingine na huu mguu wa kuburuta atanifunga kwenye tendegu la kitanda kama mbuzi wa kafara.

Basi na nikae niandike.

Mkono wangu wa kulia ndio wenye sauti kubwa kuliko mikono yote iliyopata kufungwa waya katika hospitali yetu. Si maneno yangu. Daktari mgeni mwenyewe kasema, Jumatatu, mbele ya watu, hata akanipiga bega. Mashine ilinguruma mpaka paka aliyelala dirishani akaruka nje.

Uwongo.

Paka kweli aliruka. Daktari kweli alinipiga bega. Lakini kilichonguruma si mkono. Ni goti.

Nitaeleza, ila kwanza nipumzike. Naandika kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto haukwenda chuo. Ule wa kulia ulisoma kidogo: juzuu chache kwa maalimu, kisha skuli ya serikali mpaka siku niliyofukuzwa kwa kumwigiza mwalimu mkuu anavyotembea. Sista Beatrisi wa hospitali ndiye aliyeniamuru kuandika katika daftari hili kila siku. Ati mkono wa kushoto ukiandika, wa kulia utaona wivu. Mpaka leo sijauona huo wivu. Labda mkono wangu hauna roho mbaya kama yangu.

Maradhi yalinishika Makadara, mwaka jana, asubuhi, niko kazini. Dele la kahawa mkono wa kushoto, mkaa wake unawaka vizuri, vikombe mkono wa kulia. Mimi ni muuza kahawa tangu sijaota ndevu, na watu waniita Athumani Buni. Muuza kahawa wa mji huu hapigi ukelele. Ukelele ni kazi ya wauza samaki. Yeye hugonganisha vikombe viwili ndani ya kiganja kimoja, na mlio ule ndio jina lake. Mtu yuko ndani, mlango umefungwa, lakini akisikia mlio wangu husema, huyo Buni apita, mpeni mtoto kikombe.

Siku ile nilisikia vikombe vikianguka vikavunjika. Wallahi niligeuka nyuma nitazame ni mpuuzi gani huyo aliyeangusha vikombe vyake.

Mpuuzi alikuwa mimi.

Upande mzima wa kulia ulikuwa umekwenda zake bila kuaga. Mdomo ukapinda, ulimi ukawa mzito kama ugali wa juzi. Walioniona wakasema ni upepo mbaya. Nimeogeshwa, nimefukizwa, nimekandwa mafuta ya habasoda, nimenyweshwa kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, mpaka Bi Rukiya akasema tumbo langu limehitimu chuo kabla yangu. Ulimi ulirudi upesi, kwa masikitiko ya majirani. Mguu ulirudi nusu. Mkono haukurudi.

Kuuza kahawa nimekwisha kuacha, sililii hilo. Ninalolilia ni tonge.

Mwaka mzima nalishwa kijiko na mke wangu kama kifaranga. Maalimu kaniambia mwenye udhuru hana lawama, na ale kwa mkono wa kushoto. Najua. Nikiwa peke yangu hula kwa kushoto, na Mungu anaona. Lakini keshokutwa Ijumaa ni walima wa Zena, mjukuu wangu niliyemlea kwa hiyo kahawa. Wanaume watakaa jamvini, watano watano, kila kundi na sinia lake la pilau, na wazee wa biharusi sinia la mbele. Kuutia mkono wa kushoto katika sinia la watu, mkono ule wenye kazi zake nyingine, siwezi. Hata wao wakisema haidhuru, nitaona macho yao yakilichagua pilau la upande wa pili.

Shemeji yangu Twahiri, kaka yake Bi Rukiya, ndiye mpangaji wa karamu zote za ukoo huu, mtu asemaye kama anayesoma tangazo. Yeye kashakata shauri. "Mzee atawekewa sahani yake chumba cha ndani, pamoja na kijiko, apumzike."

Apumzike! Babu wa biharusi afichwe chumba cha ndani pamoja na magodoro yaliyokunjwa, asikie tu watu wakicheka nje.

Ndiyo maana nilikwenda kwa ile mashine.

Daktari mgeni alikuja nayo kutoka kwao, kwa miezi michache tu, na Jumamosi hii yafungwa sandukuni iende zake. Ni sanduku la bati, lina vifundo kama redio na kipaza sauti mbele. Wao hukupaka mkononi kitu kama ute wa yai, wakakubandika vibati viwili juu ya msuli, waya ukaenda kwenye sanduku. Siku ya kwanza nikauliza itanichoma? Sista akacheka. Ni mwanamke wa Kitaita, mfupi, hatembei bali hupita. Akaniambia, "Mzee, hii haichomi na haitibu. Inasikiza tu. Msuli wako ukijaribu, hata ukijaribu kidogo sana ambapo jicho haliwezi kuona, inalia. Wewe ukisikia, unajua hapo ndipo. Unarudi hapo hapo."

Nilielewa mara moja. Mkono wangu haukufa, umepotea. Nami nikiuita siuoni wala siusikii, kama mtu anayemwita mtoto gizani. Mashine ingenipa sikio.

Sikio nikapewa. Sauti hapana. Kila nikienda, "Mzee, kunja vidole," nakunja, kwa moyo wote nakunja, natoka jasho, na sanduku kimya kama kaburi. Na kando yangu kuna karani mmoja wa reli, mtu wa bara, aliyepooza mguu. Mguu wake ukibandikwa, sanduku lalia kama pikipiki ikipanda mlima. Yeye hunitazama kwa huruma. Huruma ya karani! Mimi nilipokuwa mzima nilikuwa namuuzia kahawa ya mwisho ya dele, yenye machicha, na akashukuru.

Basi Jumatatu waya ulikuwa umening'inia karibu na goti langu la kushoto, lile zima. Goti likaugusa, bila kukusudia. Sanduku likasema khrrr. Daktari akageuza kichwa.

Nikaugusa tena, kwa kukusudia.

Ee, nisameheni, ilikuwa tamu! Nilikunja uso kama mtu anayeinua gunia, huku goti chini ya meza linausugua waya. Sanduku likanguruma, karani wa reli akaacha kinywa wazi, paka akaruka. Daktari akafurahi mpaka akawa mwekundu. Nikajiona simba.

Halafu akaandika kitu, Sista akanitafsiria. Mkono wa mzee umeamka. Hana haja ya mashine tena. Aende nyumbani akajizoeze, nafasi yake apewe mwingine.

Nilipona kwa goti, nikafukuzwa kwa goti.

Usiku wa Jumatatu na mchana wa jana sikumwambia mtu. Bi Rukiya alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mkono wa Buni umenguruma, na mwanamke mmoja akaleta mkate wa sinia kwa furaha. Nikaula.  Nilikuwa nimebakiwa na zamu mbili za mashine, nami nimezigawa bure kama sadaka ya mtu mwenye kiburi.

Leo asubuhi nikamwita Shee Mbwana. Huyu ni rafiki yangu tangu chuoni, fundi wa kofia, mfupi, mchafu wa maneno kama mimi. Hulisoma daftari hili ninaposinzia. Najua, kwa sababu kurasa hubaki na harufu ya tumbaku yake ya kunusa. Ana fadhili yangu moja hajailipa, wala si ya pesa. Nitaisema mbele.

Nikamwambia, "Shee, nipeleke hospitali, nikaombe radhi."

"Umemtukana nani?"

"Sikumtukana mtu. Nimemdanganya daktari kwa goti."

Aliposikia kisa chote alikaa chini akacheka, akainuka, akakaa tena. Kisha akasema, "Athumani, watu wote huongopa kwa mdomo. Wewe mdomo umekuchosha?"

Gari ya kukodi hatukuipata kwa mvua. Akamkamata hamali mwenye mkokoteni uliokuwa ukirudi mtupu, akanipakia juu ya magunia, nikapitishwa Ndia Kuu nzima mchana kweupe, nimekaa kama gunia la mbatata lililovaa kofia. Wenye maduka wakatoka milangoni. Mmoja akauliza, "Buni, wauzwa kwa pishi ama kwa mzani?" Nikamjibu nauzwa kwa jumla, na mama yake keshaweka oda. 

Nikikataliwa? Ndilo swali lililokaa nami juu ya magunia. Nikikataliwa, Ijumaa ni chumba cha ndani.

Sista Beatrisi alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza akalitazama goti langu. Nikaona afadhali angepiga kelele.

"Sasa, mzee," akasema, "juzi nani alikuwa analia hapa?"

"Goti, mama."

"Na mimi nikaenda nikamwambia daktari nimefurahi. Nikaandikia hata dada yangu kule nyumbani, nikamwambia kuna mzee wangu amefungua mkono."

Hilo la dada lilinipiga pabaya. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya serikali, si kwa mtu aliyefurahi kwa ajili yangu. Nilitafuta mzaha wa kusema, nikaukosa. Mimi! Shee ni shahidi, alinitazama akadhani kiharusi kimerudi.

Akaenda kusema na daktari huko ndani. Nikasikia daktari akipandisha sauti, kisha akicheka. Sista akarudi na bendeji ndefu. "Kuna nafasi mpaka saa ya chakula. Leo tu." Akapiga magoti akalifunga goti langu la kushoto kwenye mguu wa kiti, fundo juu ya fundo, kama nahodha. Shee akamwambia afunge na ulimi. Akasema bendeji haitoshi.

Vibati vikabandikwa. Sanduku likawashwa.

"Kunja vidole, mzee."

Kimya.

"Pole pole. Usivute bega. Usibane meno. Vidole tu."

Kimya. Nikajaribu kwa nguvu, nikajaribu kwa upole, nikajaribu kwa bismillahi, nikajaribu kwa matusi ya moyoni. Mvua ikaacha. Karani wa reli akamaliza zamu yake ya mguu, akabaki kuangalia. Nikaona mkono wa saa ukutani unavyokwenda, mkono wa kitu kisicho na uhai, na wangu umelala mezani kama samaki wa jana. Nikataka kusema nifungueni niende zangu. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Hapo ndipo nje, uani mwa hospitali, akapita muuza kahawa.

Simjui ni nani. Ni mmoja wa hawa waliotokea baada yangu. Akaanza kugonganisha vikombe. Sijapata kusikia aibu kama ile. Alikuwa akivigonga kama mtu anayeosha vijiko! Kikombe cha juu chatakiwa kiteleze kisha kidondokee ukingo wa chini, gumba laachia, kidole cha kati chapokea, ti-ti-tak, ti-ti-tak, kuna pumzi katikati. Yeye tak tak tak tak, hana pumzi, hana adabu. Nikakasirika mpaka nikasahau niko wapi. Nikasema kwa sauti, "Hapana, mjinga wewe, achia gumba!"

Khrr.



Sista akatazama goti langu. Limefungwa. Akatazama waya. Uko mezani, hakuna aliyeugusa. Akainama karibu na sikio langu, akasema taratibu sana, "Mzee. Ulifanya nini?"

"Nilimsahihisha yule mtu."

"Msahihishe tena."

Nikafumba macho. Sikuwaza vidole. Niliwaza vikombe viwili, baridi ya ukingo wake, uzito wake. Achia gumba. Khrr. Pokea kwa kidole cha kati. Khrr, khrr. Dhaifu, kama mafuta yanapoanza kuwaza kuchemka kabla hujatia andazi la kwanza. Lakini ilikuwa mimi. Nilipoacha, iliacha. Nilipoita, iliitika. Nilikuwa nimeuita mkono huu mwaka mzima kwa jina lisilo lake. Daima "kunja, inua, shika," maneno ya askari. Haukuzaliwa askari.

Tukaendelea hivyo hivyo, naita na unajibu, mara unapotea narudi pale pale nilipousikia mwisho. Karibu na saa ya chakula Shee akapiga ukelele: gumba limetikisika. Si kwa sauti ya sanduku, kwa macho ya watu. Unene wa punje ya mchele, si zaidi. Karani wa reli akapiga makofi. Nimemsamehe huruma yake, na machicha nitamlipia.

Sista alikuwa akinifungua goti, kichwa ameinamisha. Akasema kwa kuwa mashine inaondoka, nikae nyumbani na vikombe vyangu, niwe nasikiza vyenyewe. Akasema pia nisitegemee makubwa. Mkono waweza kwenda mpaka hapa na usipite. Nikamwambia aandike barua nyingine kwa dada yake. Akasema atangoja kwanza, mzee ana goti jingine.

Nilicheka njia nzima juu ya mkokoteni. Nilipofika nyumbani kicheko kikaisha, wasiwasi ukarudi mahali pake.

Kwa sababu gumba si tonge.

Bi Rukiya alinitilia wali baridi katika sahani, akakaa mbele yangu. Mkono wa kushoto nikauweka chini ya kiwiko cha kulia kukisukuma, kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Vidole nikaviachia vifanye mambo ya vikombe. Vikabana kitu. Nikauinua. Wali ukamwagika kifuani, ukamwagika mapajani, paka wetu akasogea akijua riziki yake imepanda cheo. Kilichofika mdomoni ni punje za kuhesabika, na moja ilifika puani.

Nilizitafuna muda mrefu.

Bi Rukiya akanipangusa ndevu kwa upindo wa leso. "Haya," akasema, "umekula kwa mkono wako. Kuku naye hula hivyo." Akaingia jikoni haraka, akakaa huko bila kupika chochote.

Sasa alasiri imekwisha. Nimejaribu tena na tena. Mara moja katika mara nyingi mkono wafika. Mara nyingine zote wakata tamaa kidevuni. Sitajidanganya tena: kwa Ijumaa hautakuwa mkono wa kula. Utakuwa mkono wa kula tonge moja, na hilo moja litaanguka nusu yake njiani.

Tonge moja lanitosha. Nataka kukaa jamvini, nitie mkono wa kulia katika sinia la walima wa Zena, nile lile moja, kisha niseme nimeshiba, mimi mzee, wazee hula kidogo. Nimemwambia Twahiri. Kasema, "Na ukimwaga mbele ya wageni?"  Hata sasa nainuka na kukaa kwa sababu ya swali lile lile. Macho ya watu wanne yakiufuata mkono wangu kutoka siniani mpaka mdomoni, njia ndefu kama safari ya Hijaza, najua utatetemeka na utarudi.

Wasipoutazama, naweza.

Basi Shee, mwana wa Mbwana, kwa kuwa najua unalisoma hili nami nimesinzia, soma na hapa. Wakumbuka walima wa mwanao, sinia la wazee, pale meno yako ya kununua yalipobaki ndani ya mfupa wa mbuzi, nawe ukabaki na tonge mkononi na kinywa kama mfuko mtupu? Nani aliyeangusha birika la kunawia, maji yakatapakaa, watu wote wakaruka wakishika kanzu zao, mpaka ulipoyachomoa ukayarudisha mahali pake? Mpaka leo hakuna ajuaye ila mimi, nawe, na yule mbuzi. Sijawahi kukudai.

Ijumaa kaa kushoto kwangu. Ukiuona mkono wangu wa kulia unaondoka siniani, angusha birika.

Na uliangushe upande wa Twahiri. Kanzu yake ni mpya.